Mchezo ni Mwalimu wa Kwanza: Vitu vya Kuchezea vya Watoto wa Kivu, tangu Ishango mpaka Chukudu

Wazazi wengi, wakimwona mtoto ameinama chini akipanga vijiwe, humwita kwa ukali: "Acha mchezo, njoo ufanye kazi!" Na walimu wengi, wakisikia kicheko nyuma ya darasa, hudhani kwamba masomo yamesimama. Hivyo tumezoea kuuhesabu mchezo na masomo kuwa kama paka na panya: mmoja akiingia nyumbani, mwingine hana budi kukimbia. Lakini historia haishuhudii hivyo. Tukiyatazama mambo ya zamani, na hasa ya nchi yetu hii ya Kivu, twaona kwamba mchezo ulikuwa shule kabla shule hazijajengwa. Tena twaona kwamba walimu walio hodari kuliko wengine walikwenda kwa watoto wenyewe kujifunza namna ya kufundisha.

Katika kurasa hizi twataka kuieleza historia hiyo kwa kifupi. Wala hatuielezi kwa kujifurahisha tu. Goma ni mji wenye watoto wengi. Mwaka 1977, na 2002, na tena 2021, moto wa Nyiragongo uliushukia mji huu au ulifika mlangoni pake. Na vita vimeupitia mara nyingi. Shule ikifungwa, kitabu kikiungua, mwalimu akikimbia, mtoto hubakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni mchezo wake. Basi yatupasa kujua mchezo huo wamfundisha nini.

MFUPA WA ISHANGO

Tuanze mbali. Kaskazini mwa Goma, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, pana mahali paitwapo Ishango, ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, mtaalamu wa miamba, jina lake Jean de Heinzelin, alichimba huko akitafuta mabaki ya watu wa kale. Alikuta vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, akakuta mifupa ya samaki na ya wanyama. Na kati ya vitu hivyo akaokota mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wake yapata sentimeta 10. Katika ncha yake moja kimepachikwa kipande cha jiwe gumu. Ubavuni mwake mna alama zilizokatwa kwa mkono wa mtu, nazo zimepangwa mafungu mafungu katika safu tatu. Wataalamu wa leo wasema umri wake ni yapata miaka 20,000.

Msomaji achukue kalamu ahesabu pamoja nasi. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Ndizo namba zote zilizo kati ya 10 na 20 zisizogawanyika ila kwa 1 au kwa zenyewe. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Yaani 10 na kuongeza 1, 20 na kuongeza 1, 20 na kupunguza 1, 10 na kupunguza 1. Jumlisha kila safu peke yake: utapata 60 hapa na 60 pale. Safu ya katikati ina mafungu manane, jumla 48. Na humo 3 yafuatwa na 6, kisha 4 yafuatwa na 8, kama vile mtu alikuwa akijifunza kuzidisha kwa mbili.

Je, mfupa huu ulikuwa wa kazi gani? De Heinzelin mwenyewe, alipoandika habari zake mwaka 1962 katika gazeti moja la Marekani, alidhani kwamba huenda ulikuwa mchezo wa hesabu. Mwamerika Alexander Marshack aliona afadhali kuuita kalenda ya mwezi, maana 60 ni karibu na siku za miezi miwili. Wengine wasema alama zile zilikatwa ili mkono usiteleze. Mabishano hayo hayajakwisha, nasi hatutayakata hapa. Mfupa wenyewe umewekwa Bruselisi, katika jumba la makumbusho ya viumbe vya asili.

Lakini jambo moja ni wazi kwa kila mwenye macho. Mtu aliyekaa kando ya Ziwa Edward, kabla ya kalamu na karatasi, alifanya namba iwe kitu cha kuguswa. Kidole chaweza kupita juu ya alama zile, moja moja, hata gizani. Hili ndilo jambo kuu katika kila kitu kizuri cha kuchezea: mawazo yaingia kichwani kwa njia ya mkono. Tutaona mbele jinsi walimu wa Ulaya walivyosifiwa sana kwa kuligundua jambo hili miaka elfu nyingi baadaye.

MASHIMO 32 NA MBEGU 64

Tukiuacha mfupa huo, twaukuta mchezo ambao hakuna mzee wa Kivu asiyeufahamu, ijapokuwa vijana waanza kuusahau: mchezo wa mashimo. Kwetu na kwa jirani zetu wa Rwanda huitwa igisoro. Waganda huuita omweso. Watu wa pwani, tangu Lamu mpaka Unguja na Kilwa, huuita bao. Kila mahali pana kanuni zake, lakini mwili wa mchezo ni mmoja: safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Watu wa pwani huziita mbegu hizo kete, nao huzitwaa katika mti wa mkomwe. Asiye na ubao huchimba mashimo ardhini. Hapa Goma, ambapo ardhi ni mwamba mweusi wa volkano, mtoto hana shida ya kupata vijiwe. Shida yake ni kupata udongo wa kuchimba.

Tazama jinsi mchezo huu unavyofundisha pasipo mwalimu kusimama mbele. Katika igisoro kila mchezaji huanza na mbegu 32. Huzigawa nne nne katika mashimo manane. Mtoto asiyejua bado hesabu za kuzidisha ameona kwa macho yake kwamba nane mara nne ni thelathini na mbili, na kwamba mara mbili ya hiyo ni sitini na nne. Kisha aanza kucheza. Hutwaa mbegu za shimo moja, huzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Akitaka kujua mbegu yake ya mwisho itaangukia wapi, hana budi kuhesabu kabla hajagusa kitu. Akigusa kwanza na kuhesabu baadaye, ataliwa. Hapo hakuna dadu wala bahati. Aliyeshindwa ameshindwa kwa akili yake mwenyewe, wala hawezi kumlaumu mtu. Ni somo la hesabu, na ni somo la tabia pia.

Pwani wamezidi katika ufundi huu. Katika bao lao, kila mtu huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mafundi wake waweza kuona mbele hatua nyingi mno. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyekaa na mafundi hao wa Unguja, alitoa mwaka 1995 kitabu kizima kuhusu uwezo wa akili zao. Na Watanzania wengi wakumbuka kwamba Mwalimu Julius Nyerere, hata alipokuwa mkuu wa nchi, alipenda kukaa baoni.

Pana kasoro moja tusiyoweza kuinyamazia. Mahali pengi mchezo huu umekuwa wa wanaume. Wasichana wamekuwa na michezo yao: mdako, ambao mtoto hurusha jiwe juu na kuchota vijiwe shimoni kabla halijaanguka, na nzango, inayojulikana katika Kongo zote mbili, ambayo makundi mawili husimama yakitazamana, wakiimba na kupiga makofi, kisha wawili huruka na kutanguliza kila mmoja mguu wake. Miguu ikilingana, upande huu wapata alama. Isipolingana, upande ule. Msichana wa nzango hujifunza kuhifadhi mwendo wa wimbo, kumsoma mwenzake usoni, na kuamua kwa kufumba na kufumbua. Michezo hii ni mizuri. Lakini hatuoni sababu ya kumnyima msichana mbegu 64 za igisoro. Akili haina suruali wala kitenge.

WATOTO WA MUSHENGE WALIOMSHINDA MGENI

Kabla ya kuondoka katika nchi yetu ya Kongo, twende kidogo Kasai. Mhungaria mmoja, Emil Torday, alisafiri huko kati ya 1907 na 1909 kwa ajili ya makumbusho ya Uingereza. Alikaa Mushenge, mji wa mfalme wa Wakuba, ambao wengine huwaita Wabushongo. Siku moja aliwakuta watoto wakichora mchangani. Mara watoto wakampa kazi: achore sura fulani kwa mstari mmoja tu, bila kuinua kidole wala kurudia njia aliyokwisha kuipita. Torday alijaribu, akashindwa. Na watoto wakafurahi mno.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba huo ulikuwa upuzi wa watoto. Mwaka 1736 Leonhard Euler, Mswisi, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa dunia, aliandika juu ya swali la namna hiyo hiyo. Mji wa Königsberg ulikuwa na madaraja saba, na watu walitaka kujua kama mtu aweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu. Euler alionyesha kwamba haiwezekani, akatoa na kanuni yake. Nayo ni rahisi. Katika sura yoyote, hesabu mistari inayokutana katika kila pembe. Pembe zenye mistari isiyogawanyika kwa mbili, kama 3 au 5, zisipokuwapo kabisa, au zikiwa mbili tu, sura yaweza kuchorwa kwa mstari mmoja. Zikizidi, haiwezekani.

Mzazi ajaribu na watoto wake jioni hii. Chora mraba, kisha mistari miwili ya kutoka pembe hadi pembe. Pembe zote nne zina mistari mitatu mitatu. Basi haichoreki kwa mstari mmoja. Sasa ongeza paa juu yake, iwe kama nyumba. Pembe mbili za juu zimepata mistari minne. Za chini tu ndizo zenye mitatu. Anza katika pembe ya chini, na nyumba itachoreka! Mtoto wa miaka minane aweza kuifahamu kanuni hii. Watoto wa Mushenge walijua kwa vidole sura zipi zawezekana na zipi hazitawezekana, wala hawakuwa na mwanahesabu wa kuwafundisha.

WALIMU WA ULAYA WALIOINAMA CHINI

Ulaya nayo ilikaa miaka mingi ikidhani kwamba mtoto hujifunza kwa kukaa kimya na kuogopa fimbo. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyezaliwa 1782, alikataa. Mwaka 1837 alifungua mjini Blankenburg nyumba ya watoto wadogo, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Hakuwapa vitabu. Aliwapa mipira ya sufu, tufe, mcheduara na mchemraba wa mti. Kisha mchemraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa. Mtoto hukibomoa kitu kizima, akaona sehemu zake, akakijenga tena. Ndiyo mwanzo wa vibao vyote vya kujengea tunavyoviona leo madukani.

Je, alisifiwa? Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo, ikiziogopa kana kwamba zafundisha uasi. Froebel alikufa mwaka uliofuata, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka 1860. Twaona basi kwamba si Goma tu ambako wakubwa huuogopa mchezo wa wadogo.

Katika miaka iyo hiyo ya 1840, huko Torino katika Italia, padre kijana Yohane Bosko aliwakusanya vijana wa barabarani, wengi wao wasio na kazi wala wazazi karibu. Alikuwa amejifunza tangu utoto michezo ya kutembea juu ya kamba na ya viinimacho, naye aliitumia ili apate kuwavuta. Kwake kiwanja kilikuwa mlango wa darasa: kijana huingia kwa ajili ya mpira, akabaki kwa ajili ya kusoma na ufundi. Wanafunzi wa njia yake wako Goma, katika kituo cha Don Bosco Ngangi, ambako shule, karakana na viwanja vimekaa pamoja. Na ambako, vita vilipofika mjini mwaka 2012, na tena miaka ya karibuni, watu wengi waliokimbia makwao walipata mahali pa kulala.

Halafu akaja Maria Montessori, mganga. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Aliwapa vitu vilivyotengenezwa kwa akili: vipande vya mti vya kuingiza kila kimoja katika tundu lake, herufi za karatasi ya msasa za kupapaswa kwa kidole, na mnara wa michemraba kumi, wa kwanza upana wake sentimeta 1, wa mwisho sentimeta 10. Mtoto akikosea, mwalimu hana haja ya kumkemea. Kitu chenyewe chamwambia, maana mnara waanguka au kipande kimoja chabaki bila tundu. Montessori aliona pia jambo lililomshangaza: watoto, wakiachwa kuchagua, walirudia kazi ile ile mara nyingi kwa hiari yao, kwa utulivu ambao fimbo haijapata kuuleta kamwe.

Turudi kwa mfupa wa Ishango, na kwa mbegu za igisoro. Namba ya kuguswa, kosa linalojionyesha lenyewe, mtoto anayejihesabia mwenyewe: je, si mambo yale yale? Tofauti ni kwamba Froebel na Montessori waliyaandika. Wazee wetu waliyacheza wakayaacha bila kuyaandika, nasi tukayahesabu kuwa upuzi wa mavumbini.

CHUKUDU, MKUBWA NA MDOGO

Mgeni akija Goma, kitu cha kwanza kumshangaza si mlima wa moto, ni chukudu. Ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kama baiskeli isiyo na kiti wala pedali. Mwenye chombo hupiga goti moja juu yake, na mguu wa pili husukuma ardhi. Chukudu zilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Mbao zake ni za mkalitusi na za miti mingine migumu; magurudumu ya mti huvikwa mpira wa tairi kuukuu; katikati huwekwa beringi zilizotolewa katika magari mabovu. Kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kikikanyagwa, ndicho breki. Chukudu moja yaweza kubeba kilo 400 na zaidi: viazi, kabichi, makala, mbao, maji. Mwaka 2009 sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, ya mtu anayesukuma chukudu, ilisimamishwa katika mzunguko wa barabara mjini, kwa heshima ya chombo kinachoulisha mji.

Lakini pembeni mwa chukudu kubwa pana chukudu ndogo. Wavulana hujitengenezea wenyewe kwa vipande vya mbao na misumari iliyonyoshwa kwa jiwe. Hatujui darasa la elimu ya vitu lililo bora kuliko hili. Mtoto hugundua kwamba gurudumu lisilo duara kamili humtupa. Kwamba ekseli isiyo na mafuta hulia na kukawia. Kwamba mzigo ukiwekwa juu mno chombo hupinduka, na ukiwekwa chini hutulia. Kwamba katika mteremko breki ina maana kuliko mbio. Maneno ya msuguano, wenzo na kitovu cha uzito atayakuta baadaye katika kitabu. Atayafahamu upesi, maana ameyagonga kwa goti lake. Vivyo hivyo gari la waya, mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kamba, na ringi kuukuu ya baiskeli inayosukumwa kwa kijiti.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo. Chukudu ndogo ni mchezo mpaka siku mtu mzima anapoweka gunia juu yake. Siku hiyo chombo ni kile kile, mtoto ni yule yule, barabara ni ile ile, lakini shule imekwisha. Kwa nini? Kwa sababu katika mchezo mtoto mwenyewe ndiye anayejiuliza maswali: nikikata gurudumu hivi, itakuwaje? Akiharibu, hubomoa na kujenga tena, wala hakuna njaa itakayotokea kwa sababu hiyo. Chini ya gunia hakuna swali tena; kuna kufika tu, na kuogopa kuchelewa. Hatuwalaumu wazazi maskini ambao mtoto huwasaidia baada ya masomo. Kazi ya nyumbani nayo ni malezi. Twasema tu kwamba kumbebesha mtoto mzigo wa mtu mzima siku nzima ni kumnyang'anya mwalimu wake wa kwanza kabla hajafika kwa wa pili.

Mataifa nayo yamelikubali jambo hili. Tangazo la haki za mtoto la mwaka 1959 lilitaja mchezo pamoja na elimu. Mkataba wa tarehe 20 Novemba 1989 ulikwenda mbele zaidi: kifungu chake cha 31 chasema wazi haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliuthibitisha mkataba huo mwaka 1990.

MCHEZO KATIKA NCHI YA MOTO NA VITA

Mwaka 1994 watu wapata milioni moja walivuka mpaka wa Rwanda wakaingia Goma na viunga vyake kwa siku chache. Ndipo mashirika ya misaada yalipojifunza kwamba mtoto wa kambi hahitaji unga na maji peke yake. Tangu miaka hiyo UNICEF hutuma sanduku la shule, kwa mwalimu mmoja na watoto 40: madaftari na chaki, lakini pia vipande vya kuhesabia na saa ya mbao ya kujifunzia majira, na kifuniko cha sanduku, kikipakwa rangi iliyomo ndani, huwa ubao. Tukilifumbua sanduku hilo twamkuta Froebel ndani yake.

Lakini nchi yetu ina hatari zake ambazo sanduku la mbali halizijui. Ya kwanza ni mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni dioksidi, isiyo na rangi, itokayo ardhini na kujaa katika mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita; mtoto mfupi aliyeinama kuutafuta mpira wake aanguka, na anayemfuata aanguka juu yake. Ya pili ni Nyiragongo, ambayo tarehe 17 Januari 2002 iliukata mji katikati kwa mto wa moto na kuliteketeza hata kanisa kuu, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena usiku. Ya tatu ni mabaki ya vita. Baada ya mapigano ya Januari 2025, risasi na mabomu yasiyolipuka yalibaki mitaani na mahali palipokuwa na kambi. Chuma cha namna hiyo chang'aa, ni kizito, chaviringika. Kwa macho ya mtoto anayetafuta kitu cha kuchezea ni lulu.

Makatazo peke yake hayatoshi, maana mtoto husahau neno upesi. Lakini mwendo aliouzoea katika mchezo haumtoki. Wataalamu wa chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel walitoa mwaka 2016 mchezo wa mezani uitwao Hazagora: wachezaji hukaa katika kisiwa chenye volkano, hujenga na kutafuta chakula, halafu msiba huwajia, nao huona ni nani aliyejiandaa. Sisi twaweza kufanya kama hayo bila meza. Goma ina rangi nne za tahadhari ya mlima: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Mwalimu na avishe vijiti vinne vitambaa vya rangi hizo. Akiinua kijani, watoto huendelea kukimbia. Manjano, husimama na kusikiliza. Chungwa, kila mkubwa hushika mkono wa mdogo wake. Nyekundu, huenda wote mpaka mahali palipopatanwa. Vivyo hivyo michezo ya kuchagua: kipi chaokotwa, kipi chaachwa na kuarifiwa wakubwa? Bonde lipi laingiwa na lipi laachwa asubuhi?

Tena twaona watoto wakichonga bunduki za mti na kupigana vita vya uongo. Tusiwapige. Mtoto huiga kile alichokiona. Kama ameona askari tu, atacheza askari tu. Dawa yake ni kumwonyesha watu wengine wa kuigwa: seremala, mganga, mwashi, mwalimu, fundi wa chukudu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

TUFANYE NINI?

Mwisho tutoe mashauri machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, maseremala wa Goma hutupa kila siku vipande vya mbao. Katika vipande hivyo michemraba kumi ya Montessori yaweza kukatwa na kupigwa msasa kwa siku moja. Na kila parokia au shule yaweza kuwa na seti yake, pamoja na ubao mmoja wa igisoro. Vitu vya plastiki vitokavyo ng'ambo si vibaya, lakini mzazi asidhani kwamba akili imo katika bei. Kitu ambacho mtoto aweza kukibomoa na kukijenga upya chamfaa kuliko kile kinachocheza chenyewe huku yeye akitazama.

Pili, wazee wanaojua kanuni za igisoro wawafundishe wajukuu wao, wa kiume na wa kike pamoja, kabla hawajaondoka nazo. Walimu nao wawaombe waje darasani saa moja kwa juma. Hawatapoteza muda wa hesabu, bali watauongeza.

Tatu, kila mtaa utafute kiwanja, hata kidogo, kilichosafishwa na kukaguliwa, mbali na mabonde ya mazuku na mbali na barabara ya magari makubwa. Nyumba hujengwa upya upesi juu ya mwamba mweusi, na kila nafasi hujazwa; mtoto ndiye anayesahauliwa katika kugawanya viwanja, kwa kuwa hana hati mkononi.

Nne, tuwape watoto wakati. Saa moja ya mchezo kabla jua halijatua haitaifanya nyumba kuwa maskini. Na mzazi akipata nafasi, akae chini naye, ashike mbegu, ahesabu, ashindwe na mwanawe. Atamjua mtoto wake kuliko kwa maneno ya mwaka mzima, na mtoto atajua kwamba kujifunza si adhabu.